Kola Zilizosimama

...na wala si kwamba mji wenyewe ni mbaya, mtu asije akausingizia bure, mji ni msafi, barabara zimefagiwa, watu wanasalimia mpaka taya zinachoka, lakini usafi wa mji ni jambo moja na kuhamia ni jambo jingine, hata hospitali ni safi na hakuna anayeomba kuhamia, ndivyo alivyokuwa akiwaza Mama Kola huku akichomeka pasi ukutani, akasimama kuingoja ishike moto, mkono kiunoni, gauni lake la safari limetandazwa juu ya meza, katikati ya chumba cha mumewe ambacho tangu jana jioni ameambiwa akiite chumba chao. Gauni halikuwa na makunyanzi ya kudai pasi, alijua, lakini yeye hajui kuwaza mikono mitupu, wengine huwaza wakitembea, wengine wakiwa chooni, yeye bila pasi mkononi mawazo hayamwendei popote... "Mimi simfukuzi mtu, baba, nauliza tu," sauti ya mama mwenye nyumba ilipita dirishani pamoja na mlio wa spana, "yule mwalimu anapita sasa hivi kutaka jibu lake, nimwambie vile vyumba vya mbele vipo au havipo?" na mumewe, aliyechuchumaa kwenye bomba la uani akibadilisha mpira wa koki, akajibu bila kuinua kichwa, "Mwenye jibu yuko ndani, mama, mimi la kwangu nilishalisema"... haya, mwenye jibu yuko ndani. Mwenye jibu amesimama anatazama pasi. Amua wewe, ndivyo alivyomwambia jana, amua wewe mke wangu, nitakubali lolote, kisha akageukia ukuta akalala kama mtoto aliyenyonya akashiba, na yeye akabaki macho akijiuliza kumwachia mtu uamuzi ni kumheshimu au ni kumtwika mzigo kisha wewe ukapita pembeni unapiga mluzi, maana akisema ndiyo na mambo yakaharibika, ni yeye aliyesema ndiyo, na akisema hapana, basi ni yule mke aliyemwacha mumewe azeeke peke yake mji wa watu, na wifi yake, dada wa mumewe, atalipata la kusema kwenye kila msiba na kila harusi, na kusema anajua, Mungu alimpa kinywa akasahau kumpa mlango.

Na vyumba vyenyewe ni vizuri, mwongo ni nani. Viwili, vinatazama barabara, vina baraza pana, jana mumewe aliipima kwa hatua zake ndefu, hapa meza yako ya pasi, hapa rafu, kule nyuma kamba za kuanikia, jua linapiga tangu asubuhi, akayasema yote hayo haraka haraka kama mtu anayeuza kitu cha wizi, na yeye akajibu tu, naona, kwa sababu macho yake yalikuwa yamekwisha kuona mengine. Mtu mwingine akifika mji mgeni huuliza shule, huuliza bei za sokoni, huuliza kama watoto wanacheza nje bila wasiwasi, Mama Kola hutazama kamba za nguo, kamba haijipambi kwa ajili ya mgeni. Kule kwao, jijini, nguo huanikwa ndani ya vizimba vya nondo ghorofani, shati la mtu wa benki juu ya shati la wakili juu ya koti la mhudumu wa hoteli, ukiinua macho ni kola tupu, na kila kola ni mteja. Hapa leo asubuhi walipouzunguka mji, na kuuzunguka hakumpi mtu hata nafasi ya kupata kiu, aliona kamba zimefungwa mbele ya nyumba, wazi, hazina mlinzi, kwa hiyo wezi hakuna, hilo ni jema, aliliweka upande wa mema, lakini juu ya kamba kuna nini, mashuka, nepi, sare za shule, sare za wauguzi, fulana, shati la kola mojamoja kama meno ya kibogoyo, na suti hakuna, suti pekee aliyoiona ilikuwa ndani ya picha ya harusi dirishani kwa mpiga picha. Tena dobi yupo. Mzee mmoja mwenye pasi ya mkaa, kibarazani kwa duka la misumari, Mama Kola alisimama mbele yake akajifanya anafunga kamba za kiatu ili amwone anavyolishika shati, akitumaini moyoni kwamba analiburura, lakini wapi, mzee analishika vizuri, analigeuza kwa heshima, akamwonea wivu na kumpenda papo hapo. Sasa dobi wa pili atapiga pasi nini, upepo? Na watu, ee, watu wenyewe... hawajafika hata kwenye taa za barabarani, taa ambazo watu wanazitii hata pasipo na gari, mwanamke mmoja katoka dukani na ufagio mkononi, "Wewe ndiye mke wa Maji? Karibu sana, dada, na umwambie mumeo upande wetu huu tangu juzi bomba linakohoa tu," na mbele kidogo kinyozi naye, "Shemeji, karibu, lakini maji!" na mbele zaidi bibi mmoja hata salamu hakutoa, alimwonyesha ndoo tupu tu akaendelea na safari yake, na mumewe anacheka, msimamizi mzima wa maji wa mji mzima, anacheka na kuandika mitaa kwenye kiganja kwa kalamu. Mke wa Maji. Jina lake hakuna aliyemwuliza.

Kule jina analo, na hakulipewa na mtu, alilipata kwa jasho. Mama Kola, ndivyo wanavyomwita, mahakimu wanamwita hivyo, madereva wa mahakimu wanamwita hivyo, hata mumewe mwenyewe akiwa na furaha humwita hivyo, kwa sababu kola ya mkononi mwake huijua hata asiyejua nguo. Ni kazi ya bibi yake mzaa mama, aliyewafulia watu mpaka vidole vikapinda, na bibi alikuwa mkali, alisema shati ni kola, mjukuu wangu, mengine yote ni kitambaa, kola huanzwa pembeni kuja katikati, ukimaliza unaisimamisha, unaiacha isimame mpaka ipoe kabisa, ndipo unailaza, maana kola ukiikunja ingali moto inashika mkunjo wa uongo na mkunjo wa uongo hautoki mpaka nguo irudi majini. Madobi wengi hawana subira hiyo. Wanailaza hapohapo, wanafunga vifungo, mwingine aje. Yeye hapana, alfajiri yake yote sebuleni ni mashati yaliyosimamisha kola kwenye henga, mlangoni, dirishani, kwenye pembe za kabati, yanangoja kupoa, na anayejua siri hiyo ni yeye na shoga yake wanayeshirikiana dukani, basi. Sasa mtu mwenye jina kama hilo unamchukua unamleta mahali anapoitwa mke wa bomba... si bomba, mke wa maji, ni yale yale. Na mitindo yao, Mungu anisamehe, aliwaza, na hapo akakumbuka ofisini kwa mumewe asubuhi ile, makarani wawili na mtunza stoo, watu wazima, wamesimamisha kola mpaka masikioni kama waimbaji jukwaani, wakamsalimia kwa heshima zote, shikamoo mama, na yeye akaitikia huku moyoni akijisemea kumbe ndivyo ilivyo miji midogo, mtindo unakufa kule ndipo unazaliwa huku... "Shika hapa, mama, usiachie," mumewe nje, "Nimeshika, na wewe nawe unakaza kama unafunga mlango wa benki!" mama mwenye nyumba, kicheko, na bomba likatema maji mara moja, yakakatika. Pasi ilikuwa bado baridi. Aliigusa kwa kidole kilicholowa mate, haikulia.

Na jibu lake alikuwa nalo tayari, ndilo lililomwuma, alitoka nalo nyumbani limekunjwa vizuri, njia nzima alikuwa akilirudia kwenye kiti cha basi, mume wangu, wewe hutafuti mke, unatafuta dobi. Hivyo tu. Litamwingia. Kwa sababu mwezi uliopita kwenye simu mumewe, badala ya kumwambia mtu neno la maana, alimwambia, "Njoo bwana, hata mashati yamekukumbuka," na akacheka, na neno lile limekaa naye tangu siku ile kama kokoto ndani ya kiatu. Mashati! Tangu lini yeye na mashati? Mwanamume aliyemwoa ni fundi wa pampu, wa ovaroli, wa grisi mpaka kwenye kope, miaka yote ya ndoa yao hajawahi kumpigia pasi nguo hata moja, mfinyanzi hulia gaeni, majirani walikuwa wakitaniana, mke anawang'arisha mahakimu, mume anatoka kama aliyechimbuliwa, na wote wawili walikuwa wakicheka. Alipopandishwa cheo akaletwa huku kusimamia wenzake, ndipo akaambiwa avae shati. Na alipoambiwa avae shati ndipo akamkumbuka mke. Tena si yeye, mashati ndiyo yamemkumbuka! Na wifi yake akaja na lake, akakaa dukani kwenye stuli ya wateja, "Wifi, mimi simo, lakini mwanamume hakai mwaka mzima peke yake mji mdogo na shati lake likawa limenyooka, ukiona limenyooka jua kuna mkono," na yeye akamjibu, "Na wewe shati lako leo nani kalinyoosha, maana naona hakuna mkono kabisa," wakanuniana wiki mbili, lakini neno lilikwisha ingia. Binti yao peke yake ndiye hakuwa na maneno mengi, aliuliza tu, kule baba atakuwa anarudi nyumbani saa ngapi, na hakuna aliyemjibu vizuri, maana hakuna aliyejua kwamba hilo nalo ni swali... Akavuta meza ili waya wa pasi ufike, meza ikagoma, mlango uliokuwa umefunguliwa ukutani tangu walipoingia jana, usiku walishusha pazia tu, mji usio na wezi, ulikuwa unaizuia, akausukuma mlango ujifunge.

Mashati manne. Nyuma ya mlango, kwenye misumari minne, kwenye henga nne. Meupe mawili, la samawati moja, moja la mistari. Yamepigwa pasi. Na kola zote nne zimesimama. Moyo wake ukashuka kama ndoo iliyokatikiwa kamba, hakuna namna nyingine ya kusema, jamani, nani, ni nani huyu, kwa sababu shati lililonyooka mtu anaweza kulinunulia huduma, lakini kola iliyosimama haiuzwi popote, kola iliyosimama ni ya kwake, ni ya bibi yake, mtu amekaa karibu na mume wake, anajua kitu ambacho yeye mwenyewe hajawahi kumfundisha hata mume... akalisogelea la kwanza akalinusa. Hakutafuta manukato, hata hakuyafikiria, alitafuta wanga, ni wanga wa aina gani, wa dukani au wa kupikwa, na aliponusa akajiona alivyo na karibu acheke, mwanamke mwingine angetafuta alama ya rangi ya mdomo, yeye anatafuta wanga. Hakukuwa na wanga. Basi muuguzi, yule mpangaji wa chumba cha pembeni, aliyempokea jana kwa "Karibu wifi, kaka alikuwa anakutaja mpaka tumechoka," wifi, wifi wa wapi, mdomo wake mtamu kama... lakini hapana, ngoja, sare ya muuguzi iko kwenye kamba nje, aliiona asubuhi, na nyingine alikuwa ameivaa, ina mstari mikononi unaokata kama kisu, mtu anayepiga mstari mikononi hawezi kuacha mkono wa shati mviringo namna hii, mkono wa mtu haubadiliki kwa sababu ya mapenzi. Si muuguzi. Maskini, amemsingizia binti wa watu. Shoga yake wa dukani? Huyo hajawahi kuvuka hata daraja la jiji, anaogopa mabasi. Mzee wa pasi ya mkaa analaza kola palepale, alimwona. Basi nani... "Na leo fulana, msimamizi," mama mwenye nyumba huko nje, anacheka, "mkeo kaja ndiyo hatuioni ile kola yako ya kiongozi?" Sauti ya mumewe ikaja taratibu, ya mtu aliyeuma msumari au mpira wa koki mdomoni, "Cheka tu, mama, mimi nimeoa mtaalamu, hivyo ndivyo kola inavyopigwa pasi, nimemwona kwa macho yangu," na mama mwenye nyumba, "Mpaka masikioni?" na yeye, "Mpaka masikioni. Muulize mwenyewe akitoka."

Akashika ukingo wa meza. Akaitazama tena kola ya shati la samawati, safari hii akaitazama kama kazi ya mtu, na mara kila kitu kikawa wazi, kama hakukiona mwanzo ni kwa sababu alikuwa anatafuta mwizi. Kola ilikuwa na vumbi ukingoni. Vumbi jembamba, la siku kadhaa. Nani katika shule ya bibi angeiacha kola isimame mpaka ishike vumbi, ikishapoa unailaza, ndiyo maana yote ya kuisimamisha, mtu huyu hakujua kwamba kuna kuilaza, anajua nusu, anajua mpaka hapo tu... na kwenye mabega makunyanzi ya kusukuma pasi kwa nguvu kama mtu anayekaza boliti, na kifungo cha tatu kimefungwa peke yake kama yeye anavyofunga, na chini ya mkono alama ya kuungua, hudhurungi, mahali pasipoonekana, imefichwa. Mtu anayejua nusu. Nani aliyekuwa anaondoka kola zingali moto? Ee Mungu wangu. Sebule yao kule, alfajiri, taa moja, yeye amekipa mgongo kiti cha karibu na mlango anapiga pasi mashati ya wateja wa asubuhi, na juu ya kiti kile mtu wa ovaroli anapuliza chai yake, hasemi kitu, kikombe kinaisha, kiti kinalia, haya mama, haya baba, mlango. Kituo cha pampu kiko upande wa pili wa jiji na foleni hazina huruma, akirudi yeye ameshalala, maana anayeamka kabla ya jogoo hulala na kuku. Jumapili mmoja analala kulipa deni la usingizi na mwingine ana nguo za maharusi. Miaka yote ile walichokuwa nacho pamoja ni kikombe kimoja cha chai, na yeye alidhani mtu yule anatazama sakafu. Alidhani anasinzia. Kumbe anatazama. Alitazama kila alfajiri mpaka akashika kunyunyiza, akashika kuviringisha shati lilale kwanza, akashika pembeni kuja katikati, akashika kifungo cha tatu, na pale kola ziliposimama, chai ilikuwa imekwisha, akaondoka. Kola zikilala, hajawahi kuona hata mara moja. Anajua kazi ya mkewe mpaka kwenye mlango tu. Na akaja huku peke yake, akapewa mashati, hakumwita mtu amfulie wala amnyooshee, alinunua pasi, akasimama chumba hiki hiki akijaribu kukumbuka mgongo wa mke wake... na kisha akaenda kazini kola masikioni, kifua mbele, akiamini kabisa ndivyo mahakimu wanavyovaa, na makarani nao, watoto wa watu, wakamtazama bosi kutoka jijini wakasema kumbe siku hizi ndivyo, wakazisimamisha, mpaka na mtunza stoo, na yeye asubuhi hii amewacheka, ofisi nzima ya maji imevaa chai ya alfajiri ya sebuleni kwake na yeye akaicheka. Kicheko kikamjia tena, kikubwa, akaziba mdomo kwa upindo wa gauni la safari, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akagundua kwamba kicheko kilikwisha zamani na machozi ndiyo yameendelea yenyewe.

Hata mashati yamekukumbuka. Alikuwa akimwambia neno la maana. Alilisema kwa namna ya fundi wa pampu, wanaume wengine wana mashairi, huyu ana mashati, na mke akalichukua akalikunja kuwa kofi na kusafiri nalo. Jibu lake lililokunjwa vizuri, unatafuta dobi, akalitafuta mdomoni hakuliona, limekwenda, dobi anaye, amejifundisha, vibaya lakini amejifundisha, hamhitaji mtu wa kumpigia pasi, na mtu asiyekuhitaji kwa lolote kisha akakuita njoo, huyo unamjibu nini? Kwa nini jambo zuri namna hii lilete hofu, lakini lilileta, hofu ya kweli, na Mama Kola si mwoga, ameshawahi kumwambia jaji mzima kwamba jasho lake lina harufu ya pombe. Sasa akauona mji upya na haukuwa umeongezeka hata suti moja tangu asubuhi, mzee wa pasi ya mkaa yuko palepale, wateja wake wa kule atawaacha kwa shoga yake na watamsahau kabla mvua hazijaanza, jina lake litakufa, atakuwa Mke wa Maji na watamwonyesha ndoo tupu barabarani, yote ni kweli, hakuna hata moja lililobadilika, mji mdogo ni mdogo. Ila kutoka ofisi ya maji hadi ua huu ni kuvuka barabara na kupita kinyozi. Walitembea asubuhi, hakuna foleni, hakuna basi, mtu akimaliza kazi anafika nyumbani jua lingali kali. Anarudi kula mchana. Alikuwa amemwambia hilo kama vile mtu anavyosema bei ya sukari, huwa narudi mchana, na yeye hakulisikia, alikuwa anahesabu kamba. Mchana, wakiwa macho wote wawili. Kila siku. Na jioni tena, ndefu, na Jumamosi, na Jumapili. Hapo ndipo hofu ilipokaa, si kwenye suti wala kwenye jina, alikuwa akiisukumia huko ili asiitazame. Wamekaa vizuri miaka yote hiyo, hawajawahi kutupiana sahani, watu wanawasifu, ndoa yenu tulivu, na itakosaje kuwa tulivu ndoa ya kikombe kimoja cha chai, watagombana saa ngapi? Yeye mwenyewe hajui kama mumewe ni mkimya au alikuwa amechoka tu. Hajui anacheka nini akiwa hana usingizi, leo amemsikia akitaniana na mama mwenye nyumba uani na akashtuka, alisikia sauti ya mtu mchangamfu na kwa nukta moja akajiuliza ni nani yule. Na yeye je, mumewe amependa mgongo uliosimama mezani alfajiri, mgongo hausemi ovyo, mgongo haununi wiki mbili, mgongo hauna wivu wa kunusa mashati nyuma ya mlango, akikutana na sehemu iliyobaki, akaijua yote, akaona tabia na kelele na ubishi, halafu akakosa mahali pa kwenda kwa sababu ofisi iko pale ng'ambo... Utanichoka, alimwambia ukuta. Bwana wee, utanichoka mimi. Lakini alipolisema akajua kwamba hilo ni neno la mtu aliyekwisha hamia, anayebaki haogopi kuchokwa.

"Haya, mwalimu yule anakuja, namwona kwenye kona," mama mwenye nyumba alisema nje, "nimwambie nini mimi jamani?" na mumewe akasema, "Mwache mwenzangu, mama, asiharakishwe, mwalimu atakaa kidogo, nitampa kiti," na spana ikaendelea kulia kwenye bomba. Mama Kola alikuwa bado amesimama palepale, mkono kiunoni, gauni mezani, pasi ukutani, swichi hata hakuiwasha. Jibu la mama mwenye nyumba halikuwa kazi tena, lilikuwa jepesi, lingetoka kwa neno moja dirishani na vyumba vikawa vyao na mwalimu akatafuta kwingine, Mungu amfungulie, angelisema sasa hivi, akishafuta macho, akishapata sauti. Kilichokuwa kinamsumbua ni mchana wa Jumatatu ya kwanza. Alikuwa anajaribu kuuona, mlango unafunguliwa, jua nyuma yake, anaingia, anakaa, hana haraka, anamtazama usoni, na yeye hana pasi mkononi, na itabidi aanze kusema kitu, na hakujua, mwanamke mzima mwenye binti wa shule, hakujua huyo mtu anapenda kuzungumza nini.